Chuma Pia Huchoka: Tambua Ufa Mapema

Fundi wa ujenzi akikosa koleo, hushika waya wa kufungia nondo na kuupinda huku na huku hadi ukatike. Hatumii nguvu nyingi, anarudia tu. Ekseli ya matatu, springi za lori, fremu ya bodaboda na vyuma vya daraja la miguu vinaweza kukatika kwa njia kama hiyo, hata bila kupinda kwa namna inayoonekana. Wahandisi huita hali hii uchovu wa metali.

Hutokeaje?

Kila gari linapopita kwenye shimo au tuta, chuma hubeba mzigo kisha hupumzika. Mzigo huo huwa mdogo kuliko ule unaoweza kukivunja mara moja. Lakini penye tundu la bolti, mkwaruzo, kutu au kiungo kilichochomelewa, mkazo huzidi na ufa mdogo huanza. Kila mzigo unaofuata huurefusha kidogo. Sehemu nzima iliyosalia inapokuwa nyembamba mno, chuma hukatika ghafla.

Mwaka 1842, ekseli ya injini ya treni ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, na zaidi ya watu 50 wakafariki. Baadaye mhandisi Mjerumani August Wöhler alifanya majaribio ya ekseli za treni kwa miaka mingi. Alionyesha kwamba idadi ya mara ambazo mzigo unarudiwa ni muhimu pia, si uzito wake tu.

Kwa nini tusipakie kupita kiasi?

Kwa vyuma vilivyochomelewa, wahandisi hukadiria kuwa mkazo ukiongezeka maradufu, madhara ya kila mrudio huongezeka takriban mara 8. Kwa hivyo gari lililozidisha mzigo likifika salama leo, halijaponea. Limepunguza safari zilizosalia kabla ya chuma kukatika.

Unachoweza kufanya

• Osha fremu, springi na ekseli, kisha uzikague. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba, au mstari wa kutu unaotoka kwenye kiungo, ni dalili ya ufa.

• Usikubali ufa ufunikwe kwa kuchomelewa juujuu. Ufa hubaki ndani na huendelea kukua. Sehemu inayobeba uhai wa abiria, kama vile ekseli au usukani, ibadilishwe.

• Usikwepe ukaguzi wa kila mwaka wa magari ya abiria. Ufa mdogo unaweza kuonekana kwa jicho la mtaalamu na vifaa maalum kabla haujawa hatari.

• Ukiona ufa, bolti iliyolegea au kutu nzito kwenye daraja la miguu, mjulishe msimamizi wa wadi yako mara moja. Mweleze mahali hasa ulipoiona.

Chuma hakilalamiki kabla ya kukatika. Dakika chache za kukikagua zinaweza kuokoa maisha ya abiria, dereva na anayevuka daraja.