Vipuri vya Baiskeli na Hewa ya Chumvi

Mtu yeyote aliyepata kuamka alfajiri katika visiwa vyetu anaijua picha hii: mchuuzi wa samaki anapanda kilima, tenga limefungwa nyuma kwenye keria kwa mpira wa tairi kuukuu, na maji ya chumvi yanachuruzika taratibu juu ya mnyororo, juu ya spoki na juu ya ringi. Samaki hufika sokoni. Baiskeli nayo hufika, lakini kila siku hufika pungufu kidogo kuliko jana.

Watu wengi husema kwamba baiskeli za siku hizi hazina umri. Sisi hatukubaliani nao moja kwa moja. Tunaona kwamba baiskeli nyingi hapa kwetu haziuawi na uzee, bali huuawa na chumvi isiyofutwa na vipuri visivyo vyake. Mambo yote mawili yanazuilika, na hayahitaji fedha nyingi kama yanavyohitaji macho.

Tuanze na tairi, maana ndipo fedha za mnyonge zinapopotea bure. Siku moja tulisimama mbele ya kibanda cha fundi tukamkuta kijana ameshika tairi mpya iliyoandikwa 28. Baiskeli yake nayo, kwa maneno yake, ilikuwa ya 28. Fundi alihangaika nayo mpaka jasho likamtoka, na tairi ikakataa katakata kuingia. Hakuna aliyesema uongo pale. Baiskeli ndefu za zamani, mfano wa Raleigh na Phoenix, hutumia tairi ya inchi 28 kwa 1½, ambayo hukaa juu ya ringi yenye kipenyo cha milimita 635. Lakini baiskeli nyingi za mitumba kutoka Ulaya, nazo zikiitwa za 28, zina ringi ya milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu. Tairi ndogo haipandi juu ya ringi kubwa. Na ile kubwa ikivishwa ringi ndogo hucheza, ikaweza kuchomoka mtu akiwa mteremkoni. Hizo za 26 zina udanganyifu mkubwa zaidi: ile ya inchi 26 kwa 1⅜ ni ya ringi ya milimita 590, na ile ya baiskeli za milimani ni ya milimita 559.

Dawa yake imechapwa ubavuni mwa tairi yenyewe, ila wachache huisoma. Utaona tarakimu mbili zilizotenganishwa na kistari, kwa mfano 50-559. Ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali inapokaa juu ya ringi. Hiyo ya pili haina mjadala, lazima ilingane na ya tairi ya zamani. Ile ya kwanza ina nafasi ya kuchagua. Tairi nyembamba ya milimita 25, iliyotengenezwa kwa ajili ya mbio za lami, haina kazi katika njia za mawe ya matumbawe wala katika mchanga wa pwani. Kule hufaa tairi ya milimita 45 au 50, isiyojazwa upepo kupita kiasi. Na anayenunua baiskeli ya milimani asivutwe na uma wa mbele wenye springi za bei ndogo. Springi hizo huingiwa na maji ya chumvi, zikaganda, na mwenye baiskeli akabaki kuubeba uzito wake tu. Rahisi huvunja upishi.

Jambo la breki ni zito zaidi, kwa kuwa hapo anayepotea si mpira bali ni mtu. Ringi ya chuma iliyopakwa rangi ya fedha hupendeza dukani, lakini ikilowa mvua ya masika breki hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Ndugu zetu wa Pemba, ambao barabara zao hupanda na kushuka, wanalijua hili kwa miili yao. Ringi ya alumini hushika vyema zaidi katika maji, na kwa maoni yetu ndiyo inayostahili kununuliwa hata kama bei yake imezidi. Lakini nayo huliwa. Mchanga hujichimbia katika raba za breki ukawa kama tupa, ukaikwangua ringi mpaka ukingo wake ukawa mwembamba na kupasuka. Basi kila wiki raba zitazamwe, chembe zichokolewe kwa ncha ya kisu, na mifereji yake ikisha kufutika raba zitupwe.

Mnyororo nao una siri yake. Watu husema umelegea au umevutika, na fundi hukata pingili moja kazi ikaendelea. Chuma hakikuvutika. Kilichotokea ni kwamba mchanga umezila pini na matundu yake kwa ndani, kila pingili ikaongeza nafasi ndogo. Pini hupishana kwa nusu inchi. Kwa hiyo katika mnyororo mpya, ukihesabu nafasi 24 kutoka pini moja, unapata inchi 12 kamili. Rula ya mwanafunzi yatosha kupimia. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, badilisha mnyororo peke yake. Ukingoja mpaka izidi kwa 1/8, meno nayo yatakuwa yamekwisha kuliwa, na mnyororo mpya utaruka juu yake. Hapo utanunua vyote. Kukata pingili hakuponyi chochote. Ikumbukwe pia kwamba mnyororo wa baiskeli isiyo na gia ni mpana kuliko wa baiskeli yenye gia, na kadiri gia za nyuma zinavyozidi ndivyo mnyororo unavyozidi kuwa mwembamba na ghali. Kwa shughuli za mashamba na sokoni, gia sita au saba za nyuma zinatosha kabisa.

Mafuta machafu ya injini yaliyozoeleka vibandani yana vumbi la chuma ndani yake, na hunasa mchanga. Mnyororo usafishwe, ukauke, kila pingili itiwe tone moja la mafuta safi, kisha nje pafutwe kwa kitambaa, maana mafuta yanayofanya kazi ni yale yaliyoingia ndani. Anayevusha baiskeli yake kwa mtumbwi aipanguse kwa kitambaa chenye maji baridi akishuka, wala hahitaji ndoo nzima katika vijiji ambako maji ni ya kuteka. Mhimili wa tandiko, ukiwa wa alumini ndani ya fremu ya chuma, huganda kwa chumvi kama uliochomelewa. Upakwe grisi na kutolewa mara mbili tatu kwa mwaka.

Kwa wakuu wanaohusika tuna ombi. Baiskeli zinapoagizwa kwa ajili ya watumishi wa vijijini, iulizwe kwanza ni tairi ya kipenyo gani inayouzwa katika maduka ya Chake Chake, Wete na Makunduchi, ndipo baiskeli ichaguliwe, wala si kinyume chake. Taasisi ya Viwango Zanzibar nayo ingetufaa sana kama ingehimiza kila tairi inayouzwa iwe na ile tarakimu ya milimita, isomeke. Na mnyororo mmoja wa akiba pamoja na jozi mbili za raba za breki kwa kila baiskeli viandikwe katika hati ile ile ya zabuni, kabla haijatiwa saini.