Sodiamu Ipokeayo

Ewe msikilizaji uliye Maramba, chini ya milima ya Usambara, chukua punje ya chumvi ya mawe iletwayo kutoka pwani, uitazame juani. Pembe zake zimenyoka kana kwamba zimechongwa na fundi. Punje ya namna hiyo huitwa fuwele, na umbo lake latokana na mpango uliomo ndani. Mwaka 1913 William Bragg na mwanawe Lawrence, huko Uingereza, waliupeleleza mpango huo kwa eksirei: kila chembe ya sodiamu imezungukwa na sita za klorini, na kila moja ya klorini na sita za sodiamu.

Sodiamu ni metali, na desturi ya metali ni kutoa. Hutoa elektroni moja, yaani chembe ndogo mno ya umeme hasi, nayo ikabaki na umeme chanya, klorini huipokea ikawa hasi, ndipo zikashikamana.

Lakini mwaka 1974 James Dye na wenziwe, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walieleza fuwele za chumvi isiyo na klorini wala kitu badala yake. Rangi yake ni ya dhahabu. Ndani yake sodiamu moja imetoa, na sodiamu ya pili ndiyo iliyopokea!

Mbona basi hairudishi? Jean-Marie Lehn, Mfaransa, alikuwa ametunga molekuli mfano wa tundu la ndege. Sodiamu iliyotoa hufungiwa humo, oksijeni sita na nitrojeni mbili zikiizunguka, isiweze kukaribiana na mwenzake. Pasipo tundu hilo elektroni ingerudi, na kingebaki kipande cha sodiamu tu.

Na walijuaje? Eksirei haionyeshi umeme wa chembe. Yaonyesha mahali pake. Ilionyesha sodiamu moja tunduni, na nyingine nje, peke yake, katika nafasi kubwa ajabu: upana wake wakadiriwa kupita mara mbili ule wa sodiamu chanya. Hapakuwa na chembe nyingine ya kusawazisha umeme chanya wa tunduni. Basi ile ya nje hapana budi iwe hasi.

Chumvi hiyo si ya mchuzi. Haivumilii hewa, na fuwele za kwanza zilitaka baridi kali. Mwaka 1999 Dye na wenziwe walitoa habari za chumvi za jamii hiyo zidumuzo katika joto la kawaida la chumba, mradi zisiguswe na hewa.