Maji Yasubiri

Nilikuwa Busia kwa habari nyingine kabisa, ya mifuko ya nailoni. Tangu Kenya iipige marufuku Agosti 2017, kavera za Uganda huvushwa mpakani kwa njia za panya, na mhariri wangu alitaka kujua zinaishia kwa nani. Katika duka moja la vifaa vya kuandikia nikamkuta mama wa makamo, buibui jeusi, akichagua bahasha za kaki, zile kubwa za kutilia vyeti. Alifungua moja moja, akapapasa ndani kuhakikisha haijapata unyevu, na kila yenye bitana ya plastiki akairudisha. Nikamuuliza kama ana shule.

"Nina madrasa, mwanangu," akasema. "Lakini hizi si za mitihani. Hizi ni za nguo."

Habari ya kavera niliiacha hapo hapo.

Jina lake silitaji. Mji wenyewe mdogo, na kila anayeonekana akibisha mlangoni pake usiku atakuwa ameshatangazwa. Wanafunzi wake humwita Ustadha, nami nitamwita hivyo. Anaishi mtaa wa Marachi, anafundisha wasichana Kurani siku za shule, na Jumamosi alasiri ana darsa ya akina mama. Wanakuja wa mjini, wanakuja wauzaji wa nguo wanaoamkia Kenya na kushinda Uganda, na mara nyingine yeye mwenyewe hufunga safari kuwafuata wachache walio huko Samia, pande za Funyula na Nangina, ambako Muislamu akiugua hupelekwa kwa watawa katika hospitali ya misheni kama jirani yake yeyote.

Bahasha ni za nguo za mwanamke aliyebakwa. Nguo hizo zikitiwa katika mfuko wa nailoni hutoa jasho, zikaota ukungu, na kilichokuwa juu yake kikaharibika kabla hakijafika maabara. Karatasi hupumua. Hapa mpakani nailoni ndiyo iliyo karibu na mkono wa kila mtu, marufuku au si marufuku, na Ustadha amewahi kuona gauni likifikishwa hospitalini ndani ya kavera iliyofungwa mafundo mawili na mama mzazi, kwa nia njema kabisa.

Lakini nguo ni nusu ya mambo, na ni nusu iliyo nyepesi. Kilichonifanya nikose usingizi katika chumba changu cha gesti ni nusu ya pili. Ni maji.

Mtu aliyetendewa unyama huo jambo la kwanza analotamani ni kuoga. Hilo si la dini moja. Kwa msichana wa Kiislamu, hata hivyo, kuna jingine juu yake. Amefundishwa kwamba tendo lile, awe amelitaka au hakulitaka, linamtia katika janaba, na mwenye janaba haswali mpaka maji yampite mwili mzima, utosini hadi kidoleni. Limemfika usiku. Alfajiri inaadhiniwa. Kila alichobakiwa nacho duniani ambacho hakijaguswa ni sala yake, na kati yake na sala hiyo pana ndoo moja ya maji.

"Na aliyemfundisha hivyo ni nani?" Ustadha aliniuliza, kisha akajijibu. "Ni mimi. Nilimfundisha ana miaka minane, na nikamchapa akikosea mpango wa viungo."

Suala lenyewe liliibuka darsani. Alikuwa amemwalika muuguzi, Mkristo wa Samia, aje awaeleze akina mama habari za zile saa 72 baada ya kubakwa: kwamba ndani ya muda huo dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinaweza kufanya kazi, kwamba za kuzuia mimba zinafika mpaka saa 120 ingawa heri mapema, na kwamba mtu asioge, asibadilishe nguo, asipige mswaki mpaka apimwe. Mama mmoja mtu mzima akanyoosha mkono na kuuliza, je, sala? Muuguzi akamgeukia Ustadha. Ustadha anakiri kwamba siku hiyo hakuwa na la kusema. Hukumu za janaba alizijua kwa moyo. Hakuwahi kuulizwa habari za maji yanayodhuru kwa sababu yanasafisha.

Akaenda kutafuta. Jibu la kwanza lilimjia upesi, tayamamu. Aya zenyewe, ya 43 katika An-Nisaa na ya 6 katika Al-Maida, zinamtaja mgonjwa, zinamtaja msafiri, zinamtaja aliyekosa maji. Mtu ambaye maji yatampotezea haki na tiba, akaona, hayuko mbali na mgonjwa. Apige udongo safi, apake uso na mikono, aswali, kisha aende hospitali. Alirudi kwa muuguzi akiwa na furaha ya mtu aliyepata ufunguo.

Muuguzi akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza: mikono?

Kwa sababu mikononi ndimo alimopigania. Chini ya kucha kuna ngozi ya yule mtu, kuna nyuzi za shati lake, na tabibu hukwangua hapo. Usoni huenda kuna mate yake. Hata udhu wa kawaida una kusukutua, na kinywa nacho hupimwa. Aliponisimulia hapa Ustadha alininyooshea viganja vyake, akavigeuza, akavitazama kama vitu vilivyomshinda. Udongo nao ulikuwa unafuta.

Njia aliipata ndani ya madhehebu yetu wenyewe ya Kishafii, katika mlango wa fikihi ambao wengi wetu tuliupita mbio tukiwa watoto tukidhani hautatuhusu kamwe. Mtu aliyekosa vitwaharishi vyote viwili, maji na udongo, mathalani aliyefungwa mahali asipoweza kufikia kimojawapo, haachi wakati upite. Huswali vile vile alivyo, kwa heshima ya wakati, na baadaye akipata maji huirudia. Ustadha alipeleka masuala yake kwa masheikh watatu. Wa kwanza alisema ndiyo, aliyezuiwa na haja ya tiba na ushahidi aingie humo. Wa pili akasema ana udhuru kama anayepelekwa kupasuliwa, hana dhambi akiikidhi sala yake atakapotoka. Wa tatu alisema hajakutana na kauli ya wanavyuoni juu ya jambo hili hasa, wala asingependa kuwa wa mwanzo kulisema.

Ustadha huwaeleza akina mama zote tatu, na hiyo ya tatu haifichi. Nilimwambia kwamba pengine angerahisisha kazi kwa kutaja moja tu. Akakataa. Anataka mwanamke aende hospitali akijua kwamba hajavunja kitu, na hatakwenda na yakini hiyo kama atakuja kusikia baadaye kwamba kuna sheikh alificha neno.

Baada ya hapo hutaja jambo ambalo mimi nililiona kuwa la huruma kuliko yote, na hulirudia mara mbili. Aliyekwisha kuoga aende vile vile. Dawa zinamngoja, majeraha yanahitaji kuandikwa, fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya ubakaji, itajazwa, na matibabu katika hospitali ya umma ni bure kisheria wala hahitaji kupitia polisi kwanza. Kesi haijafa kwa sababu ya ndoo ya maji. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu hakimu kutia hatiani kwa neno la mwathiriwa peke yake akiridhika kwamba anasema kweli, mradi aandike sababu zake, na Mahakama ya Rufani imeshasema ubakaji hauthibitishwi kwa vipimo vya DNA tu. Ustadha anaogopa sana kwamba somo lake la maji litageuka lawama nyingine juu ya mabega ya walioshindwa kungoja.

Ndani ya kila bahasha hutia bahasha nyingine tupu, na katika mkoba mmoja huweka dera na mtandio. Hospitali ikizichukua nguo, mwanamke hurudi nyumbani amevaa nini? Aliyezoea kujifunika hatatoka mlangoni kichwa wazi mbele ya kituo cha boda boda. Wako waliokataa kuvua kwa sababu hiyo tu. Nimesoma miongozo mingi kuhusu dhuluma za kijinsia, sikumbuki wapi nimeona mtandio ukitajwa.

Kaunti hii ya Busia inajulikana kwa ubakaji, tena kwa aibu. Juni 2013, Tingolo, Butula, msichana wa miaka 16 ambaye dunia ilimjua kwa jina la kubuniwa la Liz alibakwa na kundi la vijana akitoka katika mazishi ya babu yake, akatupwa katika shimo la choo. Washukiwa walipofikishwa kambi ya polisi, askari waliwaamuru wafyeke nyasi, kisha wakawaachilia. Njeri Rugene aliiandika katika Daily Nation, sahihi zaidi ya milioni moja zikakusanywa, watu wakaandamana Nairobi hadi makao makuu ya polisi, na Aprili 2015 watu watatu wakafungwa miaka 15 kila mmoja. Tangu hapo wakuu wa eneo wakilizungumzia jambo hili hulaumu disko matanga, ile ngoma ya usiku msibani.

Ndipo Ustadha anapokuwa mkali. Waislamu, anasema, tunazika siku hiyo hiyo, hatuna disko, basi tukajiona tumo salama. Waliofika kwake hawakutoka ngomani. Walitoka nyumba ya mjomba, dukani kwa mwajiri, chumba cha nyuma cha mtu anayeheshimiwa mtaani. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta asilimia 13 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa dhuluma ya kingono. Takwimu hiyo haikuuliza nani anazika lini.

Na mtu anayeheshimiwa akitajwa, wazee hukaa. Hutajwa sitara, hutajwa sulhu, hutajwa mashahidi wanne. Ustadha ana majibu yake. Mashahidi wanne, anasema, waliwekwa kumlinda mwanamke asisingiziwe, aya ya nne ya An-Nur ndivyo inavyosema. Vipi wakageuzwa ngao ya aliyemvamia? Huwasimulia hadithi iliyomo katika Abu Daud na Tirmidhi, ya mwanamke aliyetoka kwenda kuswali zama za Mtume, mtu akamshika kwa nguvu njiani. Alipiga kelele, akaeleza, akasikilizwa, hakuambiwa alete wanne, na hakuambiwa alifuata nini njiani. Kuhusu sulhu ana karatasi: Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, ile aliyoipigania Njoki Ndung'u bungeni, hakimpi mzee yeyote uwezo wa kuimaliza kesi. Wala Kadhi hana, kwa kuwa Ibara ya 170 ya Katiba inamwachia ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, basi.

Mpaka wenyewe ni adui mwingine. Mshukiwa huvuka kwa miguu hata kabla ya adhuhuri. Mwathiriwa aliyeshambuliwa upande wa pili hupewa fomu ya polisi ya Uganda, akija kutibiwa kwetu aanze upya na fomu za Kenya, PRC na P3. Kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa na marais wawili 2018 kimerahisisha lori la saruji kupita. Nilitafuta afisa wa kunieleza msichana hupita vipi na fomu yake. Sikupata jibu.

Nilimuuliza Ustadha kama kazi yake yote haianzi baada ya maji kumwagika. Bahasha haimzuii mtu kubaka. Hakuchukia. Alisema kuzuia, jinsi kunavyofundishwa hapa, ni kumfundisha msichana: vaa hivi, usitoke, teremsha macho. Akaniuliza kama najua aya ya kuteremsha macho inaanza na nani. Ya 30 katika An-Nur inawaambia wanaume. Ya wanawake ni ya 31.

"Sisi tunaanzia 31," alisema. "Miaka yote hii nimeanzia 31."

Sasa katika madrasa yake wasichana wanahifadhi zote mbili kwa mpangilio wake. Lakini wavulana si wanafunzi wake, na mimbari si yake. Alimwandikia imamu ukurasa mmoja kwa ajili ya hotuba ya Ijumaa. Imamu aliupokea kwa adabu, akasema watu wazima huenda wakaona haya kusikia mambo hayo msikitini. Bado anao.

Liko swali moja ambalo huja kila darsa, mara nyingi kwa sauti ya chini, na kutoka kwa wanawake ambao hawajawahi kuvamiwa njiani. Je, mume? Kifungu cha 43 cha sheria ile ile ya 2006, katika kifungu kidogo cha tano, kinawaondoa waliooana kihalali. Sheria ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inaitaja dhuluma ya kingono ndani ya ndoa na inamruhusu mke kuomba amri ya ulinzi mahakamani, na Ustadha huwaeleza hivyo. Hawaridhiki. Hawaulizi habari za amri ya mahakama. Wanauliza kama lililowapata lina jina, na kama Mungu analiona kuwa dhuluma.

Nilitaka kujua yeye mwenyewe anaonaje. Alisema anajua anavyoona. Asilolijua ni nani kati ya wazee wa msikiti atakubali kulisikia kutoka kinywani mwake, na ni akina mama wangapi wataruhusiwa kurudi Jumamosi waume zao wakishajua kwamba limesemwa.