Upepo wa Jua Juu ya Butembo

Wako wengi wadhanio kwamba upepo wa jua ni habari ya watu wa nchi za barafu, wanaoona mianga ya rangi angani usiku, na kwamba sisi wa Butembo na Beni, tunaokaa kandokando ya ikweta, hatuna fungu letu. Dhana hiyo ni kosa kubwa.

Upepo huo, ambao Eugene Parker alibashiri kuwapo kwake mwaka 1958, huvuma takriban kilometa 400 kwa sekunde, umebeba chembe za umeme pamoja na sumaku ya jua, hata ukagonga ngome ya sumaku ya dunia, kilometa 60,000 hivi kutoka kwetu, nao ukageuzwa kando. Lakini ngome hii ina lango, na ajabu ya lango hilo ni kwamba ufunguo wake hasa ni mwelekeo wa ile sumaku iliyobebwa, wala si kishindo cha upepo pekee. Mbele ya dunia nyuzi za sumaku yetu huelekea kaskazini; sumaku ya jua ikija nayo imeelekea kaskazini, ni nguvu haba tu ipenyayo; ikija imeelekea kusini, nyuzi za pande mbili hukatika na kuungana upya, kama alivyoeleza James Dungey mwaka 1961, kisha huburutwa hadi upande wa usiku, zikarundikana na kunyooka mithili ya uta uliovutwa, mpaka ziungane tena na kuzirusha chembe kuelekea duniani.

Chembe hizo, katika tufani kubwa ya sumaku, huizunguka dunia juu ya ikweta, yaani juu ya vichwa vyetu, zikafanya mkondo wa umeme uendao magharibi na kuidhoofisha sumaku ya ardhi. Tufani ya Mei 2024 iliipunguza kwa nanotesla 400 hivi. Tena tufani huzidi karibu na Machi na Septemba, ndiyo miezi ambayo jua la adhuhuri husimama wima juu ya Butembo.

Kipimo mashuhuri cha mkondo huo hutoka katika vituo vinne, Honolulu, San Juan, Kakioka na Hermanus, na hicho kimoja cha Afrika kiko kusini kabisa ya bara; kwangu huo ni upungufu wa kusikitisha. Elimu hii yahitajiwa na wenye redio za fonia, GPS, setilaiti, ndege na nyaya ndefu za umeme, kwa kuwa tufani hizo huwavurugia kazi.

Enyi walimu wa fizikia wa Butembo na Beni, sumaku ndogo iliyotundikwa kwa uzi ndani ya chupa, kipande cha kioo na mwali wa taa vyatosha kuanzia kuchunguza mabadiliko ya sumaku ya ardhi. Anzeni Machi ijayo.