Jina la nani linabaki kwa plani?

Mutatuuliza: watu wa sendika ya mine, golfu inawahusu nini? Ule ni muchezo wa mapatron. Ni kweli, ile fimbo hatujaishika hata siku moja. Lakini uwanja wa golfu ni udongo unaochimbwa na kuhamishwa, na kuchimba tunakujua. Tena swali letu la kila siku, wao pia wako nalo: kazi ikiisha, jina la nani linaandikwa?

Tuangalie Cypress Point, kule California, Marekani, uwanja uliofunguliwa mwaka 1928. Ukiuliza nani aliuchora, watakujibu: Alister MacKenzie, munganga wa Uingereza aliyeacha dawa akafuata golfu. Basi, inaishia pale. Lakini wa kwanza kupewa ile kazi alikuwa Seth Raynor, akafa mwaka 1926 mbele ya kuijenga. Na pembeni ya MacKenzie alitumika Robert Hunter. Huyu anatufurahisha sisi: musosialisti, mwaka 1904 alitoa kitabu juu ya umasikini wa Marekani, kisha akaishia kuchora viwanja vya matajiri! Maisha iko na mambo.

Sasa shimo la 16, lile la sifa, ambapo mupira unaruka juu ya bahari. Inasimuliwa kwamba Raynor alisema haiwezekani, maji ni mapana sana. Marion Hollins, bingwa wa wanawake wa Marekani mwaka 1921 na musimamizi wa ule mradi, hakubishana. Aliweka mupira chini, akapiga, ukavuka. Pale ulipoanguka njo walijenga mwisho wa shimo. MacKenzie mwenyewe aliandika kwamba lile shimo si lake, kwamba wazo lilitoka kwa Hollins. Hakuna aliyemulazimisha. Angenyamaza, leo nani angejua?

Huyu MacKenzie naye aliumia. Kule Augusta alichora pamoja na muchezaji Bobby Jones, akafa Januari 1934, miezi miwili mbele ya mashindano ya kwanza, bila kulipwa feza yake yote. Kisha wengine wakageuza: Perry Maxwell alihamisha mwisho wa shimo la 10, Robert Trent Jones akachora upya la 16 mwaka 1947. Na wale waliong'oa miti, waliosukuma nyumbu? Jina lao hatujaliona kwa ubao wowote.

Mutuelewe vizuri, hatusemi kila mwenye kushika mpauro aitwe muchoraji. Kuchora ni kazi, inasomewa. Lakini katika sosiete moja tuliyotumikia, barabara ya kushuka shimoni ilikuwa inajaa maji kila mvua. Wainjenieri walichora mara mbili, maji yakarudi. Mwenzetu wa mashini, miaka 20 kwa kazi, alionyesha kwa kidole njia ingine, upande wa mawe magumu. Wakaifuata, maji yakaisha. Raporti ilitoka na majina matatu, lake halikuwemo. Primu ikafuata raporti.

Tulipeleka barua: kila raporti iwe na mustari wa jina la mutu aliyeleta wazo, hata kama hana diplome. Shefu alituambia makaratasi hayana nafasi. Tulipima wenyewe kwa rula: chini ya saini yake kulibaki sentimeta 6.