Ile Chupa Unayouziwa Kwenye Pampu Inasafisha Nini?

Umeshalipia petroli kwa simu, kisha mhudumu anakuonyesha kichupa: "Boss, weka hii, inasafisha injini." Kabla uweke PIN mara ya pili, tuangalie hiyo pesa inaenda kufanya kazi gani.

Petroli ikiungua huacha uchafu wa kaboni, ambao huganda kwenye ncha za injekta, vali na juu ya pistoni. Injekta inafaa kunyunyiza mafuta kama ukungu. Ikiziba inatema matone yasiyoungua vizuri, na hapo ndipo gari inaanza kutetemeka ukiwa umesimama kwenye foleni, inachelewa kuvuta, na inakunywa mafuta.

Dawa nzuri hufanya kazi kama sabuni kwenye sufuria ya nyama. Molekuli yake ina pande mbili: mmoja hung'ang'ania uchafu, mwingine hupenda petroli. Uchafu hubanduka vipande vidogo sana, huungua na kutokea ekzosti. Kiungo tunachoshauri utafute kwenye lebo ni PEA, kwa sababu kinastahimili joto kali na kufika hadi juu ya pistoni. Lebo ikisema tu "nguvu maradufu", sisi tungeirudisha.

Sasa, wauzaji wengi hawatakuambia hili. Injini nyingi hunyunyiza petroli nyuma ya vali, kwa hivyo dawa huziosha ikipita. Lakini injini kama GDI ya Mitsubishi au D-4 ya Toyota huingiza petroli moja kwa moja kwenye silinda. Injekta zitasafishika, ila vali za kuingiza hewa haziguswi, hata umimine chupa kumi. Hizo ni za makanika kufungua. Na plagi iliyokufa haifufuliwi na chupa yoyote.

Soma pia chupa ni ya lita ngapi. Iliyopimwa kwa tangi nzima haifai kumiminwa juu ya mafuta ya mia tano. Imwage kwanza, kisha ujaze, ichanganyike vizuri. (Kule Marekani, tangu 1995 petroli yote ya magari lazima iwe na dawa hii tayari. Hapa, uliza kituo chako kama yao inayo.)

Ukiamua kununua, lipa kwa nambari ya kituo iliyobandikwa pale, sio simu ya mhudumu. Hakikisha jina la biashara limetokea kabla ya PIN, na usifute ujumbe wa uthibitisho. Chupa ikiwa feki, huo ndio utarudi nao kwa meneja.