Basi halingoji brosheti

TIKETI yangu ilikuwa ya basi la saa nane kamili mchana, kutoka Nyabugogo mjini Kigali kwenda Rusumo. Saa saba kasorobo nikaingia mgahawa mmoja wa jirani, nikaagiza soda, brosheti mbili za mbuzi na ndizi za kuchoma. Saa saba na robo nikauliza. "Iraje," akajibu mhudumu, yaani inakuja. Saa saba na nusu nikauliza tena. Iraje. Zilipobaki dakika kumi nikainuka, na nilipopita jikoni nikakuta nyama yangu ndiyo kwanza inakatwa.

Ndugu msomaji, mabasi ya huku hayana mchezo na saa. Nilisafiri na njaa.

Wenzetu waliorejea kutoka Tanzania baada ya 1994 ndio hulalamika zaidi. Wamezoea mama ntilie, ambaye wali na maharage yake vimeiva mapema, unakaa tu unapakuliwa. Kigali nako kuna chakula cha aina hiyo, ile melanji ya mchana: unachukua sahani, unajipakulia mara moja, unakula, unaondoka. Asiye na muda aende huko.

Tatizo ni vya kuagiza. Tuseme kweli, moto haulazimishwi. Nyama ikiwa imekatwa na makaa yameshika, brosheti inataka dakika 20 hadi 30. Samaki mzima wa kuchoma ni dakika 45, pengine saa nzima. Igisafuriya, yule kuku anayepikwa na ndizi katika sufuria moja, usimwagize ukiwa na safari. Hicho ni chakula cha watu waliokaa kuzungumza.

Kusubiri huko sikulalamikii. Ninacholalamikia ni mteja kukaa dakika 10 bila kusalimiwa, soda iliyo kwenye friji kuchukua robo saa, na mhudumu kuondoka na noti ya 5,000 kutafuta chenji kwa majirani asionekane tena. Hapo hakuna kinachopikwa. Na kibaya kuliko vyote ni hiyo "iraje". Angeniambia tangu mwanzo kwamba nyama haijakatwa, ningekula melanji, naye angepata fedha yangu.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani hesabu ni kali zaidi, maana saa ya Rwanda iko nyuma ya ile ya Tanzania kwa saa moja. Ukiwa unangoja sahani saa tisa alasiri upande huu, ng'ambo ya mto Kagera tayari ni saa kumi, na mwenye ghala anatafuta funguo zake. Kituo cha pamoja cha Rusumo, kilichozinduliwa 2016, kiliwaweka maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja ili msafiri asipange foleni mara mbili. Inauma kuokoa muda kwenye mhuri, kisha kuupoteza kwenye ndizi.

Mama mmoja muuza vitenge niliyekaa naye ndani ya basi alicheka aliposikia kisa changu. Yeye, alisema, hakai kwanza. Huenda moja kwa moja kwa mchoma nyama, akatazama makaa, akachagua brosheti zilizokwisha kugeuzwa na kuzilipia palepale, kwa fedha kamili. Ndipo huvuta kiti.